Kompyuta ziko kwenye swichi moja lakini hazionani: tatizo liko wapi?

MwalimuUjiji

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ujiji, na nimekabidhiwa chumba chenye kompyuta kumi, printa moja yenye tundu la waya wa mtandao, na swichi ya matundu kumi na sita. Nyaya zote zimechomekwa na taa za swichi zinawaka, isipokuwa ya kompyuta moja iliyo pembeni. Kinachonitatiza ni kwamba kompyuta nne zinaonana na zinachapa kwenye printa bila shida, lakini tano nyingine hazizioni hizo nne wala printa. Nilipofungua dirisha la amri na kuandika ipconfig, zile nne zilionyesha anwani zinazoanza na 192.168.1, na hizo tano zikaonyesha anwani zinazoanza na 169.254, ambazo hakuna mtu aliyeziandika.

Naomba kueleweshwa mambo matatu. Je, ni lazima tununue bando la intaneti ndipo kompyuta zote zionane, kama mkuu wa shule anavyoamini? Je, swichi na ruta vinatofautianaje, maana dukani nimeambiwa ninunue ruta ilhali swichi ninayo? Na je, naweza kuvuta waya hadi maktaba, iliyo umbali wa kama mita 130? Nitashukuru mkieleza taratibu, kwa sababu haya nitawafundisha na wanafunzi.

Fundi_Mwanga

Mwalimu, pole na majukumu. Bando si lazima hata kidogo, na naomba umweleze mkuu hivyo kabla hajatoa fedha. Kompyuta zilizounganishwa zinaweza kupeana mafaili, kutumia printa moja, hata kusoma vitabu vilivyowekwa kwenye seva ya shule, bila data yoyote kutoka nje ya geti. Intaneti ni muungano wa mitandao mingi, na mtandao wenu mdogo unaweza kufanya kazi zake zote za ndani bila kuwa sehemu ya muungano huo. Teknolojia ya Ethernet, ambayo ndiyo inayotumiwa na swichi yako, ilibuniwa kuanzia mwaka 1973 na Robert Metcalfe na wenzake katika maabara ya Xerox PARC, Marekani, na haja yao ilikuwa karibu sawa na yako: kompyuta za jengo moja ziweze kutumia printa moja.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe. Kila kifaa kwenye mtandao kina anwani mbili. Ya kwanza hutoka nayo kiwandani, huitwa MAC, na huandikwa kwa tarakimu na herufi kumi na mbili. Hiyo ndiyo swichi inayoitazama, ikakariri ni kifaa gani kiko tundu gani, kisha ikapeleka data kwenye tundu linalohusika tu. Ya pili ni anwani ya IP, ambayo hupangwa na mtu au hugawiwa na kifaa kingine. Swichi ya kawaida kama hiyo yako haigawi anwani za IP. Kompyuta zako tano ziliwaka, zikauliza kwenye waya kama kuna anayegawa anwani, zikakosa jibu, kisha kila moja ikajipangia anwani ya dharura, ambayo kwa utaratibu uliowekwa huanza na 169.254. Zile nne, bila shaka kuna fundi aliyeziandikia anwani kwa mkono.

Kwa hiyo una mitandao miwili juu ya swichi moja. Angalia mstari unaoitwa Subnet Mask: kwenye zile nne utakuta 255.255.255.0, maana yake sehemu tatu za mwanzo za anwani zinataja mtandao, na sehemu ya mwisho inataja kifaa. Kompyuta yenye 192.168.1.12 huiona 192.168.1.13 kuwa jirani na kuipelekea data moja kwa moja, lakini yenye 169.254 huiona kuwa mgeni wa mtandao mwingine, hata kama zimekaa meza moja.

Tiba isiyo na gharama ni kuziandikia hizo tano anwani za 192.168.1, kila moja na namba yake ya mwisho kati ya 1 na 254, na mask ileile. Usirudie namba, kwa sababu vifaa viwili vyenye anwani moja hugombana na mawasiliano hukatika ovyo. Ukimaliza, andika ping, yaani amri ya kuuliza kama kifaa kingine kinajibu, pamoja na anwani ya kompyuta ya jirani. Ikikosa jibu ilhali anwani ziko sawa, kagua kinga ya Windows (firewall) kabla ya kulaumu waya, maana mtandao ukiwa umewekwa kwenye hali ya Public, Windows huwa haijibu ping wala haionyeshi mafaili kwa wengine.

Isevya_Tabora

Fundi ameeleza vizuri, nami naongezea kuhusu ruta. Sisi wa Tabora tunalifahamu jambo hili kupitia reli: treni ikitoka Dar es Salaam na kufika hapa, behewa la Mwanza hushika njia yake na la Kigoma hushika yake, kulingana na linakokwenda. Ruta hufanya kazi hiyo kwa pakiti, yaani vipande vya data, ikisoma anwani ya IP ya mwisho wa safari na kuchagua njia ya kuupeleka mzigo kwenye mtandao mwingine. Swichi huishia ndani ya mtandao mmoja.

Hata hivyo, dukani hawakukudanganya. Ruta ndogo za siku hizi zina huduma ya DHCP ndani yake, yaani ndizo zinazogawa anwani, na hufanya hivyo hata kama hazina laini wala bando. Ukinunua moja, toa waya kwenye swichi na uuchomeke kwenye tundu la LAN la ruta, yaani la mtandao wa ndani, si lile la WAN, la kwenda nje, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti. Kisha ziweke kompyuta zote zipokee anwani zenyewe. Printa iachie anwani ya kudumu, iliyo nje ya orodha ambayo ruta inagawa, la sivyo siku moja namba yake itapewa kompyuta.

Siku mkiunganishwa na intaneti mtahitaji pia DNS, huduma iliyobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983 ili majina ya tovuti yabadilishwe kuwa namba. Ukiona ping ya 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google, inajibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, chunguza DNS kwanza.

Kasulu_Mjini

Mwalimu, kuhusu maktaba naomba usivute waya wa shaba. Kiwango cha Ethernet kwa nyaya hizi ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, na ukizidisha hapo data huanza kupotea. Hata ingekuwa mita 60, bado ningekukataza, kwa sababu ya radi. Nyote mnajua masika ya Kigoma yalivyo. Radi ikipiga karibu, waya wa shaba unaounganisha majengo mawili hubeba umeme mpaka kwenye swichi, na unaweza kuunguza vifaa vya pande zote mbili kwa pigo moja. Tumia waya wa nyuzi za kioo, ambao hupitisha mwanga na hauna chuma cha kubeba umeme huo, au vifaa viwili vya mawimbi vinavyotazamana. Hakikisha tu kwamba nyuzi ulizochagua hazina waya wa chuma wa kuzishikilia ndani yake.

MwalimuUjiji

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimeandika anwani kama alivyoelekeza Fundi na kompyuta tisa sasa zinachapa. Imebaki ile ya pembeni, ambayo taa yake haiwaki kabisa.

Fundi_Mwanga

Hapo anwani hazihusiki, Mwalimu. Taa isipowaka, tatizo ni la waya, tundu au kadi ya mtandao. Chomeka waya huo kati ya kompyuta inayofanya kazi na tundu la swichi ambalo taa yake huwaka. Taa ikikataa na huko, waya ni mbovu, na mara nyingi kosa huwa kwenye kichwa cha plastiki. Kishike kwenye mwanga, ile pini ya kufungia ikiwa upande wa chini, uhesabu kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nyaya zote nane ziwe zimefika mwisho wa kichwa, na ganda la nje liwe limeingia ndani na kubanwa. Ukikuta nyaya zinaonekana nje kabla ya ganda, kata kichwa hicho ubane kipya, kwa sababu zikivutwa kidogo tu huchomoka.