Mtoto wa miaka miwili: Haller Park, Mama Ngina au ufuo wa Pirates?

MamaZuu_Majengo
Assalam aleykum wenzangu. Nalinganisha mahali pa kuwapeleka watoto wawili, mmoja miaka miwili, dadake mitatu na nusu, tukitoka Majengo, hapa Mombasa, kwa matatu. Mdogo hulala saa sita mchana. Jua la kaskazi hili ni kali, basi ipi ya asubuhi na ipi ya jioni?

BabaMtopanga
Asubuhi ni Haller Park, ile hifadhi ya wanyama ya Bamburi. Sababu kubwa ni kivuli: yale yalikuwa machimbo ya simiti, yakaanza kupandwa mivinje mwaka 1971, na leo watembea chini ya miti karibu njia nzima. Beba kitambulisho, maana bei ya mwenyeji na ya mgeni ni mbali sana. Uliza langoni saa ya kulisha twiga, uanze na kobe wakubwa huku ukiingoja.

Kwa twiga, mtoto abebwe ubavuni, asikae mabegani, kwa sababu twiga huzungusha kichwa ghafla akifuata chakula. Chembe za chakula ziwe kwenye kiganja kilichonyooka, vidole vimebanana. Akiogopa ule ulimi, lisha wewe yeye atazame, yatosha. Chini ya mivinje kuna jongoo wakubwa wenye miguu myekundu. Hao ndio waliosaidia kuyageuza majani makavu kuwa udongo, na mtoto aweza kuchutama hapo robo saa nzima. Asiwashike tu: jongoo akishtuka hutoa maji yanayowasha, na mkono wa mtoto haukawii kufika jichoni. Biskuti zisifunguliwe njiani, tumbili wataziona kabla yako.

Mwana_wa_Mvita
Haller ni nzuri, lakini kuna siku bahari inaishinda, na siku hizo zajulikana. Tazama mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Fika Pirates saa mbili na nusu maji yakitoka. Yataacha vidimbwi vya kifundo cha mguu, vuguvugu, visivyo na wimbi. Hapo ndipo pa mtoto wa miaka miwili na kikombe chake cha plastiki.

Maji yakianza kurudi, tokeni. Usingoje yafike: hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu, upande wa ufuo, nanyi mkabaki juu ya fungu la mchanga. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, saa nne ndiyo yanajaa. Siku hizo msiende.

Viatu viwe vya plastiki vya kufunga kisiginoni, kandambili hunaswa mchangani. Kwenye majani ya bahari na mawe kuna viumbe wa bahari wenye miiba mirefu myeusi, msikanyage huko. Tyubu za kukodi si za umri huu, hupinduka na mtoto hatoi sauti. Mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, umbali wa mkono.

Nesi_Tudor
Naongezea la jua. Maji hupoza ngozi, hivyo mtoto huungua bila kulia, utaona wekundu usiku. Fulana ya mikono mirefu, kofia ya kufunga kidevuni, na saa nne na nusu muwe kivulini. Maji ya kunywa kidogo kidogo kila robo saa, asisubiriwe aombe. Akilia bila machozi, au nepi ikiwa kavu kwa muda wa saa nne au tano, matembezi yamekwisha siku hiyo.

Abu_Likoni
Jioni hakuna mjadala, ni Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari, kuanzia saa kumi. Hakuna kiingilio, kigari cha mtoto chapita vizuri, upepo upo, na meli ikiingia Kilindini yapita karibu kabisa. Mkinunua mhogo, wa mtoto ukatwe kabla kisu hakijagusa pilipili. Kusema "usitie" hakutoshi, kwani kisu ni kile kile. Jumapili ni msongamano, chagua siku ya kazi. Namba ya simu iandikwe kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto.

Fort Jesus iacheni kwanza. Kuta za juu na ngazi hazimfai mtoto anayekimbia.

MamaZuu_Majengo
Shukran sana. Jumamosi hii mwezi una siku 15, basi ni Pirates. Haller tutaiweka wiki ya maji mafu.

Mwana_wa_Mvita
Sawa kabisa, mamake Zuu. Beba chupa ya lita moja na nusu ya maji matamu kwa kila mtoto, umwoshe chumvi kabla ya nepi mpya. Mchanga ukibaki kwenye mikunjo ya mapaja, utakuwa umemchubua kabla gari haijafika Nyali.