Viatu vya matairi vya Rama

Kikundi: UKOO WA CHIKONGOLA, MTWARA

*Mama Rama, 17:42*
Kaka Saidi, shikamoo. Viatu vya matairi vya Rama, vile vya kuteleza vyenye magurudumu manne kwa mstari kila kiatu, vinakwaruza, na gurudumu moja limegoma kabisa. Nitupe?

*Kaka Saidi, 17:50*
Marahaba. Usitupe! Alikuwa anachezea wapi?

*Mama Rama, 17:53*
Shikamoo mjomba, ni mimi Rama. Kule Shangani, kwenye lami karibu na ufukwe.

*Kaka Saidi, 17:55*
Marahaba baba. Basi ni mchanga na chumvi. Kila gurudumu lina beringi 2, vile vyuma vya duara vyenye gololi ndani, na una magurudumu 8, kwa hiyo beringi 16. Soma ubavuni mwa beringi, utaona 608, ndiyo namba ya saizi. Tundu mm 8, kipenyo cha nje mm 22. Za pikipiki hazitaingia humo, mtu asikudanganye.

*Shangazi Mwanahawa, 18:01*
Si aloweke tu kwenye maji ya sabuni, kisha apake mafuta ya kula?

*Kaka Saidi, 18:04*
Hapana dada. Maji yataleta kutu. Mafuta ya kula nayo yanakuja kuwa kama ulimbo, mchanga unanasa zaidi. Azitoe beringi, azisukesuke ndani ya mafuta ya taa, nje uani, mbali na jiko. Zikikauka kabisa, kila moja tone la mafuta ya cherehani. Mama anacho kichupa.

*Bibi, 18:06*
Kipo. Aje achukue, akirudishe.

*Mama Rama, 18:47*
[Picha]
Mjomba, hili lililogoma halina kile kibomba cha katikati. Mengine yote yanacho.

*Kaka Saidi, 18:49*
Umeona eeh! Ugonjwa ndio huo. Kibomba kinazitenganisha beringi mbili. Kisipokuwepo, ukikaza boliti zinabanwa kwa ubavu na gurudumu linakwama hata beringi ikiwa mpya. Kitafute ulikofungulia mara ya mwisho.

*Mama Rama, 19:20*
Kimepatikana chini ya kitanda 🙏🏾

*Kaka Saidi, 19:22*
Alhamdulillah. Sasa kabla hujarudisha magurudumu, tazama upande wao wa ndani, umelika sana. La 1 la kushoto liende nafasi ya 3 kulia, la 2 liende ya 4, na la kulia vivyo hivyo kuja kushoto. Upande uliolika utazame nje. Kaza hadi lisicheze, usikaze kwa hasira.

*Mama Rama, 20:35*
[Video]
Yanazunguka mjomba!! Ila beringi 2 bado zinakwaruza hata baada ya kuoshwa.

*Kaka Saidi, 20:38*
Hizo zimekufa. Jumamosi nakuja na mpya 2. Shangani usiende navyo viatu kabla sijafika.

*Mama Rama, 20:39*
Sawa mjomba. Kichupa cha bibi nimekirudisha.