Mafundi wa Mbeya, nani kawaambia kila 109 inataka kuwa Toyota?

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na una hasira, mwenye haraka apite.

Nina Land Rover Series III, ile 109 (ile ndefu, inchi 109 toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma), ya mwaka 1974, injini ya petroli. Si pambo la uani wala banda la kuku. Ni gari la kazi. Kila wiki linapanda Isyonje shambani na kushuka na viazi, na matope ya upande ule wenyeji mnayajua. Ikibidi linavuka Kawetere kwenda Chunya. Nimelifufua mwenyewe kwa pesa yangu: chesesi ilikuwa imeliwa na kutu nyuma yote nikaikata na kuiunga upya, nyaya nimefumua zote, springi zimepangwa pleti kwa pleti, breki zimeanzwa upya kutoka masta silinda mpaka kwenye ngoma. Miaka ya kuungaunga. Mke wangu alishaacha kuuliza bei ya kitu chochote kinachohusu gari lile.

Majuzi nikalipeleka gereji moja hapa hapa jijini kubadilisha klachi. Siitaji gereji. Nikiitaja, wengine wote wanaofanya hivyo hivyo watajiona wamepona.

Klachi. Niliandika kwenye karatasi: klachi pleti, presha pleti, na bearing yake. Nukta. Anayeyajua haya magari anajua klachi ya Series si kazi ya kulala chini na tochi mdomoni. Unatoa viti, unatoa mabati ya sakafu, unatoa boksi zima la viti, ndipo gia boksi inyanyuliwe na kupitishwa mlangoni. Kazi nzito, na bei waliyotaja niliilipa bila kuwasumbua.

Narudi kuchukua gari, napiga stata, linaunguruma kwa sauti ambayo siyo yake. Nafungua boneti. Kabureta siyo langu.

Zenith 36 IV iliyokuja na gari haipo. Mahali pake kumefungwa kikabureta cha pikapu ya Kijapani, kimeegeshwa juu ya kipande cha bati kilichotobolewa kwa mkono na kupakwa silikoni nyekundu pembeni yote. Namuita fundi. Anakuja anafuta mikono, anatabasamu, anasubiri kushukuriwa! "Bosi, lile la zamani lilikuwa linakula mafuta. Nimekuboreshea."

Nimekuboreshea. Wewe umeitwa kwenye klachi!

Namuuliza la zamani liko wapi. Mara lipo stoo, mara dogo kaenda nalo nyumbani, mara "lile si lilikuwa limekufa, mzee?" Mwishowe ukweli ukatoka: limepimwa kwenye mzani wa vyuma chakavu. Wamenipunguzia kidogo kwenye bei ya ufundi, eti tumalizane kiume.

Sasa sikieni jambo linaloniuma zaidi ya wizi wenyewe. Zile Zenith tatizo lake linajulikana dunia nzima. Kile kifuniko cha juu kinapinda kidogo kwa joto la injini, na ndani kuna kipira kidogo cha duara kinachokauka na kukatika. Petroli inapenya pasipotakiwa, gari linatoa moshi mweusi na linakunywa. Dawa yake: unatandika msasa laini juu ya kioo, unasugua uso wa kifuniko mpaka unyooke, unaweka kipira kipya, unafunga. Kazi ya asubuhi moja, na kipira chenyewe hakifikii bei ya soda.

Halafu kuna suala la mwinuko ambalo sijawahi kumsikia fundi hata mmoja wa hapa akilitaja. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Isyonje ni juu zaidi. Hewa huku ni nyembamba. Jeti, kile kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta, iliyopimwa kwa hewa ya Dar, ukiileta huku petroli ni ile ile lakini hewa imepungua, lazima plagi ziwe nyeusi na nguvu ishuke. Injini yoyote ya kabureta inapoteza nguvu ukipanda milima, siyo uchawi na siyo uzee wa gari. Unashusha saizi ya jeti, unaseti taiming upya, unaendelea na safari. Badala yake jibu ni moja kila gereji: "Hii toa yote, weka 3L usahau shida."

3L, injini ya dizeli ya Toyota! Nimeambiwa neno hilo mpaka na muuza mahindi ya kuchoma pale Mafiati.

Najua 3L ni injini nzuri, sina ugomvi na Toyota, shemeji yangu ana Hiace inayo na haijamsumbua. Lakini fikirini pamoja nami. Hii 109 imejengwa kwa injini ya lita mbili na robo, ya mwendo wa taratibu, inayovuta chini. Gia boksi, difu na shafti vimepigiwa hesabu hiyo. Breki ni za ngoma magurudumu yote manne, na ngoma ikipata moto inaishiwa nguvu. Wewe unaliongezea gari mbio ambazo breki zake hazikuandaliwa, halafu unalishusha mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi likiwa na gunia za viazi. Pale tumezika watu wangapi? Kadi ya gari nayo ina namba ya injini. Ukibadilisha injini bila kufuata utaratibu, siku umesimamishwa na boneti limefunguliwa, anayejieleza ni wewe. Fundi atakuwa nyumbani anakula ugali wake.

Na spana. Hili nalo naomba nilitapike leo leo.

Land Rover hizi zimetengenezwa Solihull, Uingereza, wakati Waingereza bado wanapima kwa inchi. Nati zake nyingi ni za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Fundi anachukua spana namba 13 kwa sababu ndiyo iliyo karibu kwenye boksi lake la Toyota. Inaingia, ndiyo, lakini inacheza. Anavuta, inateleza, inakula kona. Anavuta tena, nati imekuwa duara. Sasa inaitwa patasi na nyundo. Kisha unaambiwa: "Bosi, gari lako nati zake zimechoka." Zimechoka wapi! Zimekaa tangu 1974 zikisubiri uje uzitwange. Seti ya spana za inchi ninayo mwenyewe kwenye gari, nilimkabidhi fundi mkononi, nikaikuta imekaa palepale haijafunguliwa hata zipu.

Bodi je? Bodi ya Land Rover ni aluminiamu kwa sehemu kubwa. Walianza mwaka 1948, vita imeisha juzi, chuma cha karatasi kinagawiwa kwa mgao, wakatumia aluminiamu iliyokuwa inapatikana. Ndiyo maana mabawa ya 109 hayaozi wakati chesesi yake inaoza. Lakini aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi kama 660 tu, na haigeuki nyekundu kukuonya kama chuma. Fundi wa gesi aliyezoea bati anasubiri iwe nyekundu. Haiwi. Inadondoka tu chini, pafu, una tundu la kupitisha kichwa cha mtoto. Bawa langu la kushoto lina kumbukumbu ya fundi wa aina hiyo, chini ya kiraka cha bati la chuma, ripiti na puti nene. Na chuma kikikutana na aluminiamu penye unyevu, aluminiamu inaanza kutoa unga mweupe na kuliwa. Kwa mvua za Tukuyu kiraka kile ni suala la muda.

Hapo hapo kuna kundi lingine, wanunuzi wa skrepa. Hawa wanalijua gari langu kuliko ninavyolijua. Wanakuja getini wakiwa wamevaa vizuri kabisa, "mzee, shikamoo, lile gari tunalinunua kwa kilo." Gari nililokuja nalo kutoka shambani asubuhi hiyo, injini bado ya moto! Milango ya 109 ngapi mkoa huu imeyeyushwa ikawa masufuria? Huenda jana umepikia wali kwenye boneti la gari la halmashauri.

Trafiki nisiwamalize, wengine ni waungwana, na kuna mmoja Uyole huniomba nifungue boneti ili atazame tu. Lakini kuna mwingine aliniandikia 30,000 kwa "ubovu wa gari" bila kuonyesha ubovu. Taa zinawaka, indiketa zinawaka, breki zinashika, matairi mapya. Nikamuuliza ubovu upo wapi afande, akajibu, "Mzee, hili si linaonekana?" Wakati tunaongea limepita semi nyuma yangu, tairi lake la trela limebaki nyuzi.

Bima fupi tu: bima ndogo utauziwa bila maswali. Omba bima kubwa, wakala anasoma mwaka kwenye kadi, anacheka. Uingereza walikolitengeneza, gari likipita miaka 40 linasamehewa kodi ya barabara, na kuna bima maalumu ambayo mnakubaliana thamani ya gari kabla. Huku thamani ya gari langu ni kicheko cha dada wa kaunta.

Na kabla hajaja yule wa kusema magari ya zamani hayalipi kodi: ile ada ya mwaka, road license, ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, na pesa yake ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 ziliongezwa kwa lita. Gari langu linakwenda kilomita tano, sita likiwa na furaha, kwa lita. Wewe mwenye IST, piga hesabu nani anamlipia nani lami. Kwa kuwa haki ni haki, nakiri kufutwa kwa ile ada kulituokoa sisi wenye magari yaliyokuwa juu ya mawe yakisubiri spea, maana ilikuwa inahesabika gari likiwa limelala.

Spea mpya zipo, wakuu, tena nyingi, Uingereza bado zinatengenezwa. Ila kodi ya forodha inapigwa juu ya bei ya kitu pamoja na usafirishaji na bima yake, halafu VAT asilimia 18 inakaa juu ya vyote hivyo. Na kitu chenyewe ni chuma kizito. Kwa hiyo fundi akitupa kitu cha asili cha gari langu anatupa mshahara wa mtu, na anafanya hivyo akipiga mluzi.

Wenzetu Arusha, Oktoba 2024, walifanya tamasha zima la Land Rover, mji ukafurika, watu wakaja na 109 zao zimepigwa rangi zinang'aa. Nikaangalia picha zile nikajiuliza: Nyanda za Juu Kusini, ambako hizi gari ndizo zilizofika Makete, Ileje na Ludewa kabla ya lami, sisi tunafanya nini? Tunazipima kwa kilo.

Fundi niliyeridhika naye kwa hizi gari ni mzee mmoja Ipogolo, Iringa. Ana spana zake za inchi zimefungwa kwenye kitambaa cha turubai, kila moja na mfuko wake. Hakuwahi kunitajia 3L. Anasikiliza injini, anauliza umetokea wapi na umepanda mlima gani, ndipo anashika bisibisi. Lakini Iringa ni zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na yeye mwenyewe macho yameanza kumsumbua, na vijana wake wote wamehamia kwenye kompyuta za kupima magari. Siwalaumu vijana, ndiko pesa iliko.

NYONGEZA: Naona mmeanza kuja PM. Nijibu wote hapa.

Anayesema "mkuu kwani klachi yenyewe ilipona?" Ndiyo, klachi imekaa vizuri. Ndicho kinachonitia wazimu, jamaa anajua kazi!

Anayesema nimpeleke fundi polisi: karatasi niliyoandika ninayo, picha za injini kabla ya kupeleka ninazo, na mazungumzo hayo yameshaanza. Sitaandika zaidi humu.

Anayeuliza kama nauza, ni wa tatu huyu: soma uzi upya kuanzia juu.

Ninachotafuta ni Zenith 36 IV, hata iwe imepinda kifuniko, hata imekatika mkono wa choki, nitaitengeneza. Kama kuna 109 imelala juu ya mawe Mafinga, Makambako, Njombe, Vwawa, popote, na mwenyewe hajali kuiachia kabureta, anitafute. Ndaga fijo, yaani asante sana, mapema. Nalipa vizuri, nakuja kuifungua mwenyewe, na spana ni zangu.