Naomba ushauri: Mama anapotelewa na majina ya vitu

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu mama yangu mwenye umri wa miaka 74, ninayeishi naye Ngamiani, Tanga. Juzi, akiwa amekalia mbuzi anakuna nazi, alimwambia mjukuu wake, "Nipe kile... kile cha kukamulia tui," huku vidole vikikamua hewa. Baada ya sala ya adhuhuri alitamka peke yake, "Kifumbu!", kwa furaha iliyonitia uchungu.

Ninafahamu kwamba uzeeni msamiati wenyewe kwa kawaida haupotei, bali kinachodhoofika zaidi ni njia ya kuifikia sauti ya neno, na majina ya watu ndiyo husumbua kuliko yote. Ninafahamu pia kwamba maneno yakivurugika ghafla huenda ni kiharusi, na hapo hakuna kungoja kesho. Ya mama yamekuja polepole, kwa takriban miaka 2, na bado anapika, anahesabu chenji na kwenda soko la Mgandini bila kupotea.

Dada zangu humtajia neno kabla hajamaliza kulitafuta, naye sasa ameanza kunyamaza mbele ya wageni, jambo linaloniuma kuliko kusahau kwenyewe. Je, tumsubiri, tumpe silabi ya kwanza tu, au tumtajie? Na mliowahi kumpeleka mzee wenu hospitali, mbali na shinikizo la damu, sukari na usikivu, mlipimiwa nini kingine, na mlimweleza kwa maneno gani hata akakubali kwenda bila kujiona amedharauliwa?