Kichwa kinabana kila siku, shingo na mabega vimekaza, malaria haionekani. Nifanyeje?

Mama Salha, Newala

Salaam ndugu zangu. Mwenzenu kichwa kimenishinda. Hakigongi, kinabana: kinaanzia kisogoni, kinapanda pande zote mbili mpaka kwenye paji, kama kitambaa kilichofungwa kikakazwa. Kilianza msimu wa korosho uliopita, sasa watu wanapulizia mikorosho salfa na bado ninacho. Siku za kuumwa ni nyingi kuliko za nafuu. Sitapiki, mwanga haunisumbui, kazi nafanya, ila ikifika jioni mtoto akiniita tu namjibu kwa ukali.

Kazi yangu ni kubangua korosho nyumbani, naziuza stendi. Nakaa kwenye kigoda nimeinama tangu asubuhi. Nikimaliza kubangua, namenya ile ngozi nyembamba kwa kisu, punje moja moja, maana iliyovunjika haina bei ya nzima. Bomba likikauka nashuka bondeni, napanda na ndoo ya lita 20 kichwani, na wanaoijua Newala wanajua mlima wenyewe. Mabega yakibonyezwa nashtuka. Kisogoni hapa, nyuma ya masikio, hivyo hivyo.

Zahanati nimekwenda. Malaria hakuna, nikapewa panadol. Nikarudi, malaria hakuna, nikachomwa diklo (diclofenac, dawa ya maumivu). Siku hizi najinunulia dukani: asubuhi panadol mbili, jioni diklo, kila siku. Zikikosekana kichwa ndiyo kinazidi. Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu, shoga yangu anasema presha, mume anasema ni mawazo, na anayeyaleta ni yeye. Niende Dar nikapigwe picha ya kichwa au vipi?

Dereva boda, Masasi

Pole sana dada. Mimi shingo ni hiyo hiyo, barabara za vumbi na abiria wawili nyuma. Kilichonisaidia ni mke kunikanda maji ya moto usiku, halafu nikiwa kijiweni nashusha mabega, maana nilikuwa nayabeba juu bila kujijua. Picha ya kichwa usikimbilie, hela hizo.

Tabibu, Nachingwea

Mama Salha, pole na kazi. Nipo zahanati huku, na kichwa cha namna hiyo nakutana nacho sana. Kinaitwa kichwa cha mkazo. Kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, tunasema kimekuwa sugu. Hakuna kipimo cha damu kinachokionyesha. Tunakijua kwa maelezo kama uliyotoa na kwa vidole: tunabonyeza kisogo, shingo, mabega na taya, mgonjwa anaruka. Ukichunguzwa na mishipa ya fahamu ikawa sawa, picha haiongezi kitu.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo panadol na diklo ya kila siku. Dawa za kawaida za maumivu zikinywewa siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikapita, zenyewe zinaendeleza kichwa. Zile zilizochanganywa na kafeini, hata siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta shida hiyo. Unaposema zikikosekana kinazidi, hapo ndipo mashaka yangu yanapokaa. Diklo nayo inachubua tumbo, inasumbua figo na inaweza kupandisha hiyo presha unayoiogopa. Siyo njugu.

Dawa hizo mbili unaweza kuziacha kwa mpigo mmoja. (Anayetumia tramado, ile dawa kali ya maumivu, asiige hili, hiyo inapunguzwa kidogo kidogo na daktari.) Wiki ya kwanza kichwa kitakuwa kibaya kuliko leo, nakwambia mapema usije ukadhani unakufa ukarudi dukani. Chagua wiki ambayo huna oda kubwa.

Kigoda kiache. Tafuta kiti na meza, korosho zije usawa wa kifua, macho yasizifuate magotini. Inuka kila baada ya muda, zungusha mabega. Ndoo ijazwe nusu, hata kama ni kwenda mara mbili, au ibebwe na mwingine. Na kama umefika miaka 40, kapime macho, kumenya punje kwa macho yaliyochoka kunakaza uso na shingo.

Presha pima, lakini presha ya juu ya kawaida mara nyingi haiumizi kichwa, ndiyo maana watu wanatembea nayo miaka. Utakachokimbilia hospitali siku hiyo hiyo ni kichwa kilicholipuka ghafla, homa na shingo isiyokunjika, mkono au mguu kulegea, kuona vibaya, degedege, au kichwa kikali ukiwa na mimba. Na anayeanza kuumwa kichwa kipya baada ya miaka 50, aonwe.

Bi Mikindani

Mdogo wangu aliandikiwa amitriptilini kwa kichwa kama hicho. Muuza dawa akamwambia "hii ya wagonjwa wa akili", akairudisha pale pale.

Mama Salha, Newala

Asanteni mno. Presha nimepima leo: 128 kwa 82, shoga yangu kanyamaza. Meza ninayo, ya kulia chakula, mama mkwe atasema nimechafua. Maji mume kakubali kwenda na baiskeli, ila mlima ule baiskeli inasukumwa, tutaona atadumu vipi. Hiyo amitriptilini nami naifaa?

Tabibu, Nachingwea

Bi Mikindani, ni dawa ya sonona kweli, lakini kwa dozi ndogo inatuliza njia za maumivu, na mdogo wako angeitumia bila aibu. Mama Salha, acha kwanza hizo za dukani. Wiki nne zikipita bado kinabana, nenda hospitali ya wilaya, wakuulize kuhusu moyo wako na mimba kabla ya kukuandikia amitriptilini. Wengi tunawaanzishia nusu ya kidonge cha miligramu 25 usiku. Mdomo utakauka, na asubuhi za mwanzo utaamka mzito, kwa hiyo kisu cha korosho kisubiri mpaka usingizi uishe.