Mfanyakazi akinunua hisa kwa bei ya zamani, mchango wa mwajiri unamwangukia nani?

Mhasibu wa Mkunazini
Assalamu alaikum nduguzanguni. Ninafanya uhasibu katika kampuni ndogo ya programu za kompyuta hapa mjini Unguja, na kampuni mama iko London. Miaka mitatu iliyopita kampuni mama iliwapa baadhi ya wafanyakazi haki ya kununua hisa zake kwa paundi 1 kila moja. Sasa amejitokeza mnunuzi wa kampuni nzima, bei imefika paundi 6, na mfanyakazi mmoja wa London ametumia haki yake kwa hisa 10,000. Nimeagizwa kuandaa mishahara ya huko, nami nikaandika faida ya paundi 50,000 na kodi yake, nikadhani nimemaliza. Mkubwa wangu akanirejeshea karatasi akiuliza mchango wa mwajiri uko wapi. Je, kampuni inadaiwa kwa faida ambayo haikuitoa mfukoni mwake? Na mwenzetu wa hapa Unguja mwenye haki kama hiyo ahesabiwe vipi?

Bi Hesabu
Waalaikumu salaam. Mkubwa wako yuko sahihi. Ikiwa haki hizo hazimo katika mpango wenye nafuu ya kodi, kama ule wa EMI, basi kwa sheria ya Uingereza, kwa kuwa yupo mnunuzi na hisa zinageuzika fedha kwa wepesi, faida hiyo hupitishwa kwenye mishahara kama vile ni mshahara. Mwajiri hulipa mchango wake wa Bima ya Taifa, yaani hifadhi ya jamii ya huko, ambao tangu tarehe 6 Aprili 2025 ni asilimia 15 badala ya 13.8, wala hauna kikomo cha juu. Kwako wewe ni paundi 7,500. Ndiyo maana kampuni nyingi huko hushtuka: kadiri hisa zinavyopanda, ndivyo deni lao linavyokua, na bei hawaishiki wao.

Mzee wa Wete
Naongeza, shekhe. Tangu mwaka 2000 sheria ya huko inaruhusu mzigo huo kumwendea mfanyakazi, na njia ni mbili zisizofanana. Kwa makubaliano, mfanyakazi anairejeshea kampuni, lakini mbele ya mamlaka ya kodi mdaiwa anabaki kuwa kampuni, na asipolipa mfanyakazi, kampuni italipa. Kwa hati ya pamoja, ambayo muundo wake lazima uidhinishwe na mamlaka, deni lenyewe linahama. Njia zote mbili zina afueni: mchango aliobeba mfanyakazi hupunguzwa kwenye faida kabla ya kodi ya mapato. Aliye katika daraja la asilimia 40 atatozwa kwa paundi 42,500, yaani 17,000 badala ya 20,000. Usisahau kwamba kodi yake ya mapato iliyolipwa na mwajiri, mfanyakazi asipoirejesha ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa kodi kwisha, kodi hiyo nayo hutozwa kodi.

Bi Hesabu
Kuhusu wa Unguja, kama amefanya kazi hapa muda wote, Bima ya Taifa ya Uingereza haimhusu. Kodi ya mapato kwetu ni jambo la Muungano, kwa hiyo utaangalia Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 na kupeleka PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Mwajiri asipokata, analazimika kulipa yeye, kisha ndipo amdai mfanyakazi. Kama aliwahi kukaa London sehemu ya miaka hiyo, faida itagawanywa kwa muda wa kazi wa kila upande; muulize mapema.

Mhasibu wa Mkunazini
Mwenyezi Mungu awalipe. Nimeufungua mkataba usiku huu. Si mpango wa EMI, na kifungu cha kumbebesha mfanyakazi mchango kipo, lakini ni makubaliano tu, hati ya pamoja haikutiwa saini. Nimeandika paundi 7,500 kwenye madeni ya kampuni, na kesho nitamuuliza mkubwa kama bado tuna wasaa wa kuandaa hati kwa wale wengine wanne ambao hawajatumia haki zao.