Uliyewahi kuchoma testosteroni (homoni ya kiume), ya mtaani au ya hospitali, pita hapa tupeane uzoefu

Mzee wa Vyuma
Wakuu habari za usiku. Jana jim kwetu Temeke kuna dogo kaja anachechemea, tukadhani kaumia kwenye skwati, kumbe tako limevimba jipu kubwa, kachomwa na mshkaji wake chooni, sindano moja watu wawili. Nimekumbuka mbali maana hata mimi 2016 nilichoma kile kichupa cha mafuta, hakina namba ya toleo wala tarehe, lebo ukiigusa na jasho inachubuka. Sasa nina 47, mwili umechoka, mama watoto ananiangalia tu. Safari hii nataka nipite hospitali. Waliopita huko tiririkeni.

Chalii wa Ngarenaro
Siti ya mbele kabisa, karanga ninazo.

Supu ya Pweza
Mzee sindano za nini? Pweza, karanga mbichi, muhogo mbichi na nazi, wiki mbili tu utaleta mrejesho. Babu zetu walizaa 14 hata hiyo testosteroni hawaijui.

Nesi wa Zamu
Walizaa 14 wakazika 6, tuyaache hayo. Mzee, kuchoka sio lazima iwe homoni. Damu inatolewa asubuhi kabla ya saa nne, hujala, na siku nyingine unarudia maana kipimo kimoja hakitoshi, ukikesha tu au ukiwa na homa kinashuka. Ukienda saa tisa mchana umeshashiba ubwabwa utaambiwa umepungukiwa na wewe mzima. Na sukari upime, kisukari na kitambi vinashusha homoni.

Supu ya Pweza
Nesi unatuuzia vipimo.

Nesi wa Zamu
Na wewe unatuuzia pweza.

Kimya Kingi
Huu uzi nimeufungua mara tatu nafunga. Haya. Nilikuwa nalinda mlango ukumbi mmoja wa starehe, 2018 nikaanza kuchoma, kila wiki, muuzaji ndio daktari ndio mshauri. Miezi mitatu mashati yananibana watu wananiita baunsa nikajiona nimemaliza. 2020 nikaoa. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili kimya, mama yangu akaanza maneno, mara huyu binti tumbo limefungwa, mara kwao kuna kitu. Mke wangu kanyweshwa mizizi michungu mpaka akatapika, kapelekwa kwa mganga, hospitali wakampiga ile picha ya mirija wanakuingizia dawa, alitoka analia ameshika ukuta na mimi nje nakula mahindi ya kuchoma. Majibu yake yote safi. Daktari akasema mlete mwenzio. Nikagoma miezi nane wakuu, mwili huu nikapimwe mimi? Siku nimeenda majibu yakaja hakuna mbegu. Sio chache, hakuna hata moja. Daktari akaniangalia mabega akauliza unachoma nini. Sikuwa nimemwambia chochote. Akanieleza ubongo ukikuta homoni imejaa kwenye damu unaacha kuziagiza korodani zifanye kazi, zinalala, zinasinyaa, na kweli zilikuwa zimesinyaa nikadhani ni baridi. Nikaacha chini ya uangalizi wake, miezi ya kwanza hamu sina, nalia mpaka mpira ukiisha. Mwezi wa 11 tangu niache ndio mbegu zikaanza kuonekana.

Chalii wa Ngarenaro
Mke ulimwambia???

Binti Kizimkazi
Mke alijua? Jibu kwanza hilo ndio tuendelee.

Chuma Ulete
Chai hii. Nachoma mwaka wa tano na nina watoto wawili.

Chalii wa Ngarenaro
Una uhakika ni wako?

Chuma Ulete
Njoo uulize hapa Mbagala nikujibu vizuri.

Nesi wa Zamu
Jamani. Inaweza isimfunge kila mtu, ndio maana hakuna anayeitumia kama uzazi wa mpango. Wengi mbegu zinarudi ndani ya mwaka, wengine miaka miwili. Anayetaka mtoto amwambie daktari KABLA ya kuanza, zipo dawa nyingine.

Mgeni Doha
Mimi nilinunua kwa mwenzetu kambini, uso ukawa mwekundu, kichwa kinagonga kila asubuhi nikasingizia jua. Damu ilikuwa nzito, kipimo cha hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, kimesoma asilimia 58 na daktari anasema ikipita 54 tu dawa inasimama. Wakanitoa damu. Aliyeniuzia hakuwahi kunipima hata presha.

Mwalimu wa Kahama
Nami niongeze. Testosteroni yangu kweli ilikuwa chini, mara mbili, nikasema haya nichomeni. Daktari akakataa, anataka ajue kwa nini. Prolaktini, ile homoni ya maziwa, iko juu, picha ya kichwa ikaonyesha kauvimbe kadogo kwenye tezi ya pituitari, iko chini ya ubongo. Nikapewa vidonge, homoni ikapanda yenyewe, sindano sijachoma hata moja. Ningeenda kwa wauza vichupa kale kauvimbe si kangekuwa kanaendelea kukua kimya kimya.

Binti Kizimkazi
Mwalimu pole, ila Kimya Kingi yuko wapi?

Kimya Kingi
Nipo. Nilimwambia siku hiyo hiyo. Hakupiga kelele, aliuliza tu, mama nani atamwambia? Nikapanda basi mpaka Korogwe nikamwambia mama shida ni mimi, nikamtolea na karatasi ya maabara. Mpaka leo anasema namfichia mke wangu.

Binti Kizimkazi
😭 Mpe pole yake huyo dada.

Chuma Ulete
Nesi nikuulize kitu, njoo inboksi.

Mzee wa Vyuma
Nimesoma yote. Kesho saa moja nipo maabara. Nesi, chai ya rangi bila sukari inaruhusiwa?

Nesi wa Zamu
Maji tu.

Supu ya Pweza
Ukitoka upite kwangu basi, bakuli la kwanza bure.